Makabidhiano

Mbukwa, Mkurugenzi. Karibu Chigongwe.
Vumbi usilipanguse, litarudi kabla ya chai.
Mimi ni Ndahani, fundi wa vipimo, mwaka wa kumi na tisa.
Nimeagizwa nikukabidhi kituo kwa maandishi,
kila kitu kwenye orodha, sahihi mbili.

Funguo kumi na moja. Wa stoo unataka kuinuliwa kidogo
kabla ya kuzungushwa, kama mtu aliyenuna.
Paneli za jua ishirini na nne, tatu zimepasuka
kwa mawe ya wachunga mbuzi; siku hizi tunaelewana,
wananiletea habari za mawingu kutoka Bahi.
Betri: usiulize.
Au uliza, lakini keti kwanza.

Na hiki ni kitabu cha upepo.

Fungua ukurasa wa sitini.
Unaona mwandiko ulivyobanana? Kila saa, usiku na mchana,
kasi, upande, joto. Huo ni wakati wa Dokta Mbeleje.
Hakuwa mpole. Ukimpelekea "takribani"
alikurudisha mlingotini na njaa yako.
Lakini mwaka ule fungu letu lilipokatwa
alikwenda Mtumba na viatu vyenye udongo wa hapa,
akakaa kwenye benchi la wizara siku tatu.
Wakamwuliza: miaka minne mnapima upepo, umetuletea nini?
Akasema: nimewaletea miaka minne.
Akaiweka mezani. Ilikuwa na uzito, meza ilisikika.

Geuza sasa. Machi.
Kikombe kimoja cha kipima upepo kilivunjika.
Kifaa cha laki nane.
Dokta alikuwa amestaafu, tukapewa kaimu,
kaimu akasafiri, akaacha kaimu wake,
dokezo likapanda, likashuka, likadaiwa kiambatisho,
kiambatisho kikadaiwa dokezo.
Aprili, hakuna. Mei, hakuna.
Mpaka Novemba ni mistari mitupu.
Niliipiga mwenyewe kwa rula, isipinde.

Upepo haukuwa na kaimu.
Ulivuma. Julai uling'oa bati za shule ya msingi,
ukalaza uwele wa mzee Chibago shamba zima,
na sisi tunaolipwa kuujua
tulisimama mlangoni tumeshika kofia.

Vijana wangu watatu hawakungoja.
Ghuliku, aliyesikia kasoro ya kibadili umeme
kwa sikio tu, kama mama asikiavyo homa,
sasa anabandika vioo vya simu Sabasaba.
Nilipita kwake. Hakunilaumu.
Alinisafishia simu bure, hilo ndilo liliniumiza.

Kitu kingine hakimo kwenye orodha.
Kila sabuni inayouzwa Hombolo hukatwa kipande
kikaletwa hapa, na kila chupa ya mvinyo wa Mpunguzi tone.
Huwa naviona vile vipande
mtu akiwasha jenereta ya kituo
achaji simu yake ya pili.
Sikutishi. Nakukabidhi.

Hapana, weka kalamu kwanza. Tutoke.

Kipima upepo kipya kimefika jana, ndani ya boksi,
risiti imeandikwa jina la kituo vibaya, tutarekebisha.
Nitapanda mita arobaini. Miguu bado yangu.
Kamba hii inapita kwenye roda kule juu,
ncha moja kiunoni kwangu,
ya pili hushikwa na aliye chini.
Dokta aliishika mwenyewe. Wageni wakija alisema
wangoje, nina mtu juu.

Vua koti, litachafuka.
Simama hapa, kisigino kwenye jiwe,
macho juu, simu mfukoni.
Upepo wa leo, kwa kukisia, ni kama mita...

Hapana. Tusikisie tena.
Shika.