Bweta la Mbambakofi

Fundi Shekuwe aliniuliza swali moja:
"Utatia nni ndani?"
Hakuuliza nani kanituma, wala kama bei nitaiweza.
Penseli i sikioni,
vumbi la mfenesi limempaka nyusi manjano.

Nikasema, bweta ni bweta, fundi. Nitengenezee zuri.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Hata kaburi, mwanangu, hupimwa maiti kwanza."

Basi nikaitoa karatasi mkobani.
Sikumpa aisome. Niliikunja mara mbili
nikaiweka juu ya meza yake, katikati ya maganda ya randa,
naye akaipima kwa utepe, urefu, kisha upana,
taratibu, kama mshoni apimaye bega la mtoto
aliyelala.
Alikwisha kujua. Langoni nzima ilijua
kabla wino wa kadhi haujakauka.

Nikawa napita kila alasiri,
eti kuangalia kazi.
Kumbe mbambakofi haiji na wekundu wake:
ikipasuliwa ina rangi ya chungwa lisiloiva,
waiacha hewani, siku baada ya siku
yaingia haya.
Mpingo haupigwi msumari, utapinda msumari bure;
hutobolewa kwanza, kwa subira, kwa mate na matusi madogo.
Na mfenesi, asema fundi, hausahau tunda lake.
Nikanusa. Sikusikia kitu.
Nikaitikia kwa adabu.

Siku ya tisa patasi iliteleza.
Waridi la kifuniko likakatika jani, *tap*,
sauti ndogo kama ya mtu kufunga mdomo.
Nikangoja aniambie neno la hekima.
Alisema, "Shenzi,"
akautupa ubao chini ya meza, akachukua mwingine.
Niliuomba ule ubao. Hadi leo
umeshikilia mguu mfupi wa kitanda changu,
waridi limetazama sakafu.

Mwezi ukaandama, ukakua, ukapunguka.
Bawaba za shaba zilitoka kwa Bakari Mzamili
ambaye hajawahi kuleta kitu siku aliyoahidi.
Njumu za mfupa alizitia usiku, nyumbani,
kwa sababu mchana, asema, watu wana maswali mengi
na mfupa wataka kimya.

Nikaenda kulichukua.
Lilikuwa limekaa peke yake mezani, amelipangusia meza,
jekundu, zito kuliko lionekanavyo,
kifuniko kikishuka polepole kwa pumzi yake mwenyewe.
Nikatoa karatasi, nikaiweka.
Haikuingia.
Nikaigeuza. Haikuingia.
Upana wa ukucha tu.

"Fundi, ulikosea kupima."
Alikuwa akinoa patasi. Hakuinua mato.
"Nilipima sawa," akasema. "Nikapunguza."
Jiwe likasugua chuma, likasugua.
"Ukitaka liingie, kunja mara ya tatu.
Mti ni wako, karatasi ni yako.
Mimi hilo sikulijengea."

Nilimlipa. Nilikasirika mpaka kona ya msikiti,
nikakasirika tena nilipofika ngazi za kwetu,
mama akauliza una nini, nikasema bweta,
akauliza ndani mna nini, nikasema
hewa.

Mara ya tatu sikuikunja.
Kwa kadhi kuna nakala, yatosha;
yangu iko mahali, labda chini ya magodoro,
labda kwa yule binamu akusanyaye karatasi za wenzake.
Ndani ya bweta niliweka sindano,
kisha uzi mweupe, kisha kofia ya vito
niliyokuwa nimeiacha nusu tangu harusi,
imekunjwa, na tundu zake ndogo bado zikiningoja.
Iliingia.

Masika kifuniko huvimba, hakifunguki.
Nabisha kwa kidole, kama mgeni.
Kikikataa, nakwenda kupika,
nakiacha kikauke na jua lake.