Basi la Saa Nne Unusu

Mwaka wa sabini na tisa nilitoka katikati ya wimbo.
Basi la mwisho la kwenda Sowerby lilipita saa nne unusu,
na baba alikuwa mtu wa kutia komeo.
Gita lilikuwa bado linapanda,
linapapasa kama mgeni atafutaye swichi ya taa
katika nyumba ya wenyewe.
Nikashuka ngazi koti likiwa nje-ndani,
nikalala na nusu ya wimbo sikioni
kama maji ya kuogelea yanayogoma kutoka.

Wimbo huo hawakuutia kwenye santuri.
Upande mmoja haukuutosha, na wa pili walikataa kuukata.
*Kiwanda cha Ndege*, unaitwa;
hata wao hawajasema ni ndege wa manyoya au wa injini.

Leo wamerudi Halifax.
Ghorofani, klabu ya wafumaji waliokwisha kufuma,
watu themanini na sita, niliwahesabu nikingoja choo.
Zulia linang'ang'ania viatu.
Ubao wa bingo umegeuziwa ukuta
kama mtoto aliyekosa adabu.
Supu ya njegere, pauni mbili.
Derwent wa mlangoni amekosa muhuri,
kaazima wa maktaba:
sote tunaingia tumeandikwa mkononi IMERUDISHWA.

Wanapanda jukwaani mmoja mmoja, kila mmoja akishika kitu.
Jukwaa lenyewe kimo cha kreti ya bia.
Thwaite wa kinanda amekuja na mto wa nyumbani, wenye maua.
Anayepiga ngoma si yule; yule alikufa mwaka wa mafuriko.
Ni bintiye, Isolde, mchana hung'oa meno ya watu
na usiku huu ana mabega ya baba yake,
yaleyale, yamepanda hadi masikioni.
Nyuma yetu Winifred anadondosha mafuta ya rangi
juu ya kioo cha projekta. Mkono unamtetemeka,
na tetemeko hilo ndilo linalofanya kazi:
zambarau inameza chungwa, chungwa inatapika kijani,
picha ya marehemu mwenyekiti inaota mabawa,
inayapoteza,
inaota tena.

Sauti ya kwanza haikupitia masikioni.
Ilianzia kwenye glasi, ikaingia kiwikoni,
ikanikuta mbavuni nikiwa sijajiandaa.
Nilikunywa bia moja tu yenye limau, naapa.
Mzee wa kando alichomoa kifaa chake cha kusikilizia
akakitia mfuko wa shati, taratibu,
kama mtu avuaye viatu mlangoni.
Msichana wa nywele za kijani alifumba macho.
Mtu alimwaga supu. Hakuna aliyeinama.

Kisha ule. Niliujua kabla haujaanza,
kwa jinsi Lorcan alivyobadilisha miwani.
Ukapanda. Dakika ya tisa, ya kumi na moja,
na hapa, hapa ndipo nilipotokea:
goti langu la kushoto lilikumbuka ngazi, likataka kwenda.
Nikalishika.

Baada ya hapo sikuwahi kufika.
Nilidhani kuna mlango. Hapakuwa na mlango.
Palikuwa na besi peke yake, ikitembea,
Isolde akiifuata kwa brashi, kwa mbali,
na gita likarudi likiwa dogo, jembamba,
halitafuti tena swichi,
limekaa gizani limezoea,
nami nalia, na pua inatoka, na sina leso,

mara taa nyeupe za dari, pa!
Saa tano. Leseni. Majirani.
Derwent ameshika swichi, anaomba radhi kwa nyusi.
Wakaacha pale pale, katikati ya noti.
Winifred akafuta kioo kwa gazeti.
"Msisikitike," Lorcan akasema, akicheka, akichomoa waya,
"hatujawahi kuumaliza."

Nje mvua ya rasharasha.
Kituo kipo bado, kioo kimevunjwa, ratiba imechanwa.
Nikaketi dakika kumi hivi,
muhuri ukiyeyuka mkononi,
ingawa gari langu
nimeliegesha nyuma ya kanisa.