Kidole Kimoja

Karatasi ya tisa ndiyo iliyonisimamisha.
Wino wa buluu, safu ya mwisho, dole gumba la kaya ya kumi na mbili,
na katikati yake kovu
jembamba, limekata mistari ya ngozi mshazari
kama njia ya miguu inavyokata matuta ya ulezi.
Nikashuka mstari. Kaya ya kumi na tatu: kovu.
Ishirini na sita: kovu, limepinda kidogo, mkono ulichoka.
Kaya arobaini na tatu za Kaurebari,
mabando themanini na sita ya mabati,
dole moja.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Hiki kilikuwa kimepokea kijiji kizima.

Nikapiga simu Kathmandu, kama utaratibu unavyotaka.
"Pabitra, jaza fomu ya ulaghai usiku huu huu,
mfadhili anataka jina."
Fomu yetu ina kisanduku cha jina,
kisanduku cha hasara kwa rupia,
kisanduku cha hatari: ndogo, ya kati, kubwa.
Haina kisanduku cha *sijaenda kutazama*.
Nikazima kompyuta.
Keshab wa ghala akaniletea chai,
tangawizi tele, kama niipendavyo,
akasema, "Hawa wa milimani, dada, usiwaone wapole."

Saa tano za kupanda.
Pale mlima ulipomeguka siku ya tetemeko
njia imebaki upana wa nyayo mbili,
kushoto ukuta, kulia hewa.
Nilipita nikitambaa, kanuni zimo mkobani mgongoni:
kifungu cha nne, mnufaika afike mwenyewe, na kitambulisho.
Nilikiandika mimi, mezani, nikiwa nimevua viatu.
Nikamwaza mjamzito akipita hapa. Nikamwaza mzee.
Nikaacha kuwaza, nikatazama miguu yangu.

Ranmaya Thami alikuwa akikata majani ya mbuzi.
Nilimtambua kwa kidole kabla ya uso.
"Mundu," akasema, "nilikuwa na miaka tisa."
Hakuniuliza nimefuata nini.
"Twende ukahesabu."

Bati halifichiki, linang'aa hata usipotaka kuliona.
Walitoka wenye nyumba: wajane,
wake ambao waume zao wako Doha wakijenga mapaa ya wengine,
babu wa mguu mmoja aliyeligonga la kwake kwa fimbo
ili nisikie lilivyo zito.
Thelathini na nane.
Nikarudia kutoka juu kwenda chini. Thelathini na nane.

"Za kaya tano hazikupanda," akasema Ranmaya.
"Yule wenu wa ghala alisema ni nauli ya wino.
Pa kubonyeza alijua yeye.
Mimi nilihesabu migongo ya wabebaji:
sabini na sita, bando moja kila mgongo."

Tangawizi ikanirudia kooni.
Miaka mitatu, sahihi ya Keshab ndiyo pekee
niliyokuwa naipitisha bila lenzi.
Imenyooka. Ina tarehe. Ina muhuri.

Usiku, kwa tochi, niliandika taarifa.
Kosa la kwanza, la Ranmaya: kupokea kwa niaba ya wengine bila idhini ya maandishi.
La pili, la ghala, na kiasi chake, mabando kumi.
La tatu nililiandika, nikalifuta,
nikaliandika tena kwa jina langu.

Maelezo ya shahidi hayana budi kutiwa alama.
Nikafungua kopo la wino. Akainua kidole papo hapo;
nikamshika mkono, ngoja kwanza,
nikamsomea yote kwa sauti, hata kosa lake,
mbuzi wakicheua nyuma ya ubao.
"Ni kweli," akasema, akabonyeza.
Kovu likatokea safi.

Nikampa kitambaa.
"Acha tu," akasema. "Ijumaa mnagawa mbegu.
Nitashuka tena."