Daftari la Zamu

Jumatatu.
Walimu waliofika: kumi na mmoja.
Wenye ruhusa: wawili. Mmoja kafiwa Kangagani, mmoja tumbo.
Kengele haikulia.
Niliandika hivyo tu, kwa wino wa buluu,
kisha nikatoka kuutazama mshokishoki.
Waya umekatwa kwa koleo.
Ringi ya lori la karafuu, lile lililofia mlimani
kabla hatujazaliwa, haipo.
Hidaya Massoud wa darasa la sita, mpiga kengele,
amesimama na nondo yake mkononi,
hana cha kupiga.

Jumanne.
Mkondo wa asubuhi haukutoka, wa mchana ukaingia.
Watoto mia na arubaini chumba kimoja,
mizizi ya mimea ubao huu, nguzo za Uislamu ubao ule.
Ndipo Shengejuu ikajijua.
Bi Tumu kaunguza maharagwe:
miaka yote akiyaepua kengele ya mapumziko.
Kituo cha afya, dawa ya saa sita imenywewa saa nane.
Na ng'ombe wa Asaa, aliyezoea kupelekwa kunywa kengele ya pili,
amelia mpaka akakata kamba,
akaja kusimama uwanjani kwetu, kama mzazi
aliyeitwa kwa barua.

Jumatano.
Tumeandika kwa Afisa Elimu, Wilaya ya Wete,
nakala kwa Sheha.
Jibu limerudi siku ileile
(la madawati tunalingoja tangu mwaka juzi):
kengele ya umeme itazingatiwa katika bajeti ijayo.
Nguzo tunazo, Mheshimiwa. Waya ndio bado.

Alasiri, kikao cha wazazi.
Wakasema ni vijana wa bangi.
Wakasema ni wachumaji wa kuja.
Mtu wa nyuma akasema kilo ya chuma siku hizi ina bei,
pakawa kimya.
Karafuu mwaka huu hazikuzaa, majamvi yamekunjwa tangu Septemba,
na hapakuwa na nyumba katika kikao kile
isiyokuwa na sababu.
Tukafunga kwa dua.

Alhamisi, saa nne kasoro.
Pikipiki ya miguu mitatu imeingia, na ndani yake ringi yetu,
imelazwa juu ya gunia kama mgonjwa.
Anaitwa Ngwali, mnunuzi wa vyuma chakavu Wete.
Alisoma hapa, akaishia darasa la saba.
"Nililetewa usiku," akasema. "Nimeipima: kilo kumi na tisa.
Nikaigonga kwa nyundo nisikie kama ina ufa.
Mwalimu, miguu yangu ikajibana yenyewe.
Mimi, mtu wa wajukuu, nimesimama mstarini
katikati ya mabati na majiko mabovu,
nimenyoosha vidole mbele,
nangoja kukaguliwa kucha."
Hakudai fedha yake. Hakutaja jina.
Mwalimu Zuwena alimpa chai, naye akainywa upesi,
macho yake hayatui,
kana kwamba yuko nje ya darasa bila ya ruhusa.

Ijumaa.
Ringi imerudi juu ya mshokishoki, kwa waya mpya.
Aliyepanda kuifunga ni Massoud, babake Hidaya.
Hakuna aliyemtuma; tulimkuta yuko juu, alfajiri,
jasho linamtona, na baridi ile.
Amepiga mafundo saba
mahali ambapo mawili yangetosha.
Chini, binti yake kamshikia ngazi,
uso kaugeuzia ukutani.
Aliposhuka alimpa nondo mkononi, akakaa nayo kidogo
kabla ya kuiachia.

Hilo la mafundo sikuliandika.
Daftari hili hukaguliwa.
Nimeandika:
Kengele imelia saa moja na nusu.
Walimu waliofika: kumi na wawili.
Mwenye ruhusa: mmoja, tumbo lile lile.
Ng'ombe mmoja ametolewa uwanjani.