Imepokelewa

Saa nane na robo usiku, Shimanzi.
Kiyoyozi chadondoka ndani ya debe la rangi
na simu yangu imelia mara sitini na moja
tangu nile mkate wa mofa na mchuzi wa papa.

Joto, chumba cha tatu: limepanda nusu nyuzi.
Joto, chumba cha tatu: limeshuka.
Mlango, chumba cha tisa: umefunguliwa.
Umefungwa.
Kengele inayomlilia kila inzi,
siku ya mwizi nani ataamka?

Nikamwandikia wakala,
ile akili unde tuliyoletewa mwezi wa Rajabu:
Punguza arifa. Bakisha za hatari.
Nilitaraji ndiyo-bwana ya kijana mgeni kazini,
anayekimbia kabla hujamaliza kumtuma.

Hakukimbia. Wala hakugusa kitu.
Alisoma kwanza, kisha akaniwekea safu mbili,
ilivyo leo na itakavyokuwa,
na penye kupungua akapaka wekundu.

"Seva hii ukiipa orodha mpya hufuta ya zamani yote.
Usichokitaja hupotea.
Kwa hivyo nimeinakili nzima, nimebadili mistari minne,
na nakala ya akiba nimeiweka kando.
Limebaki jina moja.
Kombo Shee Faki, zamu ya usiku, wa kwanza kuarifiwa.
Huthibitisha kila arifa kabla ya dakika mbili.
Nimwache?"

Nikaondoa mikono juu ya kibodi.

Kombo tulimzika Kikowani mwaka jana.
Mafumba matatu ya mchanga nilitia mimi,
na udongo mwekundu ukaganda kwenye kanzu yangu
hata dobi wa Buxton akaushindwa.

Nikafungua kumbukumbu.
Saa tisa na dakika saba: imepokelewa, Kombo.
Saa kumi kasorobo: imepokelewa, Kombo.
Na usiku ule wa Februari,
tani mbili za jodari zilipooza chumba cha tano,
meneja akatufokea mpaka shingo ikavimba,
nasi tukaapa kwamba hatukusikia kengele,
na kweli hatukusikia:
imepokelewa, Kombo.
Ikishapokelewa na mmoja haimwendei mwingine.
Tuliipanga hivyo wenyewe, kwa mikono yetu.

Nikamwandikia wakala: Ngoja.
Akajibu: "Nangoja. Hakuna kilichobadilika."

Kulipokucha nikenda Kuze.
Bi Mishi alikuwa achagua mchele, sinia mapajani.
Simu ya marehemu iko juu ya kabati la vyombo,
imefunikwa kitambaa cha kufuma,
waya wa chaji umeingia chini yake.

"Yalia usiku, mwanangu. Yasema bonyeza moja.
Nami nabonyeza moja.
N'kidhani ni nyinyi wa kazini, mwamuulizia.
Nikaona si adabu kutoitika."

Habari za jodari sikumpa.
Nilikunywa kahawa, nikala kipande cha halua,
nikamwambia kuna marekebisho kidogo,
huenda usiku ikanyamaza.
Akaguna. Akatoa chuya moja, akaitupa.

Adhuhuri, jua la kutosha na macho manne,
mimi na Mwinyihaji tulisoma mstari kwa mstari.
Toa Kombo. Weka mimi.
Asiyejibu kwa dakika tano, arifa imwendee wa pili.
Wakala akaomba kujaribu kwa simu yangu peke yake;
ikalia mara moja, ikanyamaza.
"Nithibitishe?"
Mwinyihaji akasoma tena lile jina linaloondoka,
kwa sauti, kama anayeita mtu barazani.
Tukathibitisha.

Usiku ule simu ililia mara mbili tu.
Zote mbili nilisimama nikenda kutazama.

Jioni ya pili nikampigia Bi Mishi,
si kwa kazi, kumjulia hali tu.
Akapokea mlio wa kwanza,
na kabla ya salamu nikasikia
mlio mdogo, mfupi:

amebonyeza moja.