Pua ya Chuma

Asubuhi, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Gereji yangu iko Ulaanbaatar, nyuma ya soko la vipuri,
na mlango wake haufungi mpaka uupige teke.
Mwalimu Luvsansharav akaingia na gari lake la Kikorea,
kofia ya manyoya ya mbweha kichwani, hasira usoni.
"Taa ile ya manjano. Densmaa, ikatie waya."

Ningeweza. Wako wanaokata.
Fundi wa mtaa wa pili huziba kwa utepe mweusi,
mteja wake akaondoka anacheka,
akarudi theluji ikiyeyuka, na ekzosi imeyeyuka tumbo.
Nikasema: taa ni mjumbe tu, mwalimu,
na mjumbe hauawi.

Nikajisukuma uvunguni, mgongo juu ya katoni.
Pale kwenye bomba, kabla moshi haujafika kwenye sega la kuusafisha,
kimechomekwa kitu kinene kama kidole gumba.
Hiyo ndiyo pua.
Upande mmoja inavuta hewa hii hii yetu;
upande wa pili inanusa kilichobaki injini ikishakula.
Katikati, ukuta wa kauri uliopakwa platini,
mwembamba, na hauhongeki.

Oksijeni ikijaa huku na kuadimika kule,
chembe zake hupenya ukuta kwenda kuziba pengo,
na kupenya kwake ndiko umeme:
karibu volti moja, injini inapobugia petroli;
karibu na sifuri, inapofunga.
Kompyuta husikia, hupunguza.
Umepunguza mno, husema pua.
Huongeza.
Mno.
Hupunguza.
Hawapatani hata siku moja,
na kwa kutopatana kwao gari linakwenda.

"Kama mimi na marehemu mke wangu," mwalimu akasema huko juu.

Lakini pua hii ikipoa ni bubu.
Haitamki neno mpaka iive, nyuzi mia tatu na zaidi,
ndiyo maana imetiwa kijiko chake cha moto tumboni.
Kijiko hicho ndicho kilichokatika.
Basi kila asubuhi kompyuta ilipika gizani,
ikimimina petroli kwa kukisia,
na moshi wake ukaenda kuungana na ule wa makaa
unaoteremka kutoka mahema ya kilimani.

"Kumbe pua yako inausikia mji huu."
Nikacheka. Kisha nikaacha.
Haiusikii. Haihesabu masizi,
wala kikohozi cha binti yangu Nomin
kinachobisha hodi Novemba na kuaga Machi.
Inajua hesabu moja: oksijeni kiasi gani nje, kiasi gani ndani,
na hewa ya nje huipokea kuwa ndiyo kweli,
bila kuuliza.

Nati ilikuwa imeoana na bomba miaka kumi na minne.
Nikaipaka mafuta, tukanywa chai ya maziwa na chumvi,
nikarudi na spana ndefu, nikatukana kidogo.
Ikatoka, nyeusi kama jino la mvuta tumbaku.

Mpya ikakaa. Nikawasha.
Mita: kimya.
Kimya.
Mwalimu akaacha kutafuna.
Kisha nukta moja. Nukta nane. Nukta moja. Nukta nane.

Akalipa, pungufu ya tugriki elfu mbili,
akaomba ile pua kuukuu, akaifunga ndani ya leso.
"Ya nini?"
Hakujibu. Akaupiga mlango teke,
ukafunga.