Rasimu ya Tano

Jumanne, zamu ya jioni, mtaa wa Manningham, Bradford.
Bi Leokadia hataki supu.
Anataka boksi la viatu lililo juu ya kabati,
na miwani, na mimi niketi.

"Hesabu," ananiambia, kwa Kiswahili cha Tengeru
alichookota utotoni, kambi ya wakimbizi, Meru ikimtazama.
Kimebaki tarakimu, salamu na tusi moja.
Moja, mbili, tatu, nne, tano:
rasimu tano za filamu moja.

Ya kwanza marehemu mumewe aliiandika Łódź,
vita vimeisha juzi, glavu zimekatwa vidole.
Mama yuko kituo cha treni. Mvua.
Treni inafika. Watu wanashuka.
Mwanawe hashuki.

Kamati ilikuwa na chai, na kalamu nyekundu.
Mvua ya nini? Nchi inajengwa.
Rasimu ya pili, jua likawaka.
Huyu kijana alipigana jeshi gani? wakauliza
kwa upole, kama daktari anayeuliza unaumwa wapi.
Ya tatu, akahamishwa jeshi,
padri akawa mwalimu wa hesabu,
ila ukurasa wa arobaini walimsahau:
bado anapandisha kanzu kuruka dimbwi
la mvua iliyokwisha kufutwa.
Ya nne, mwana anashuka.
Ya tano, anashuka na bendera.

Kila Zenon aliposema paukwa
wao waliitikia kwa sauti kubwa kuliko yake,
na hadithi ikawafuata waitikiaji.

Miaka baadaye filamu ikaletwa klabu ya Wapolandi, hapa hapa.
Yeye sasa mtu wa kiwanda cha sufu,
mikono inanuka mafuta ya kondoo.
Ukumbi ukapiga makofi, jina lake likapita ukutani, kubwa.
"Nilimkuta uani," anasema Bi Leokadia,
"kichwa wazi, analowa.
Akaniambia: hii tu ndiyo niliyoandika mimi."

Anafunga boksi kwa ile kamba. Fundo mbili.
Supu imeganda utando.

Saa mbili nafungua daftari la zamu.
Nafasi ni mstari mmoja, na meneja ana anachopenda kusoma.
*Amekula vizuri,* naandika. *Ana furaha.*
Kalamu yangu ni ya bluu. Naitazama.
Dirishani mvua inapiga,
na sijaiandika popote.